Damu ya Babu Saad

Subukia,
Jumapili, 11 Mei 2025

Nyanya Kuluthum mpenzi,

Assalamu alaikum na shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, ujue barua hii inasomwa kwanza na Matroni Chepkemboi. Ndiyo sheria ya bweni letu: simu hakuna, na barua tunampelekea zikiwa wazi, anazisoma halafu ndiyo anazifunga, na zinazokuja anazifungua yeye. Kwa hivyo nitaandika kama mtoto mwema. Salamu nyingi kwako, Matroni.

Mimi ni mzima. Huku kumenyesha mpaka njia ya kwenda madarasani imekuwa uji. Ng'ombe wa shule amezaa, na darasa letu limempa ndama jina la Hesabu kwa sababu hakuna anayemwelewa. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia bado unakaanga mahamri kila asubuhi na bado unajibebea maji mwenyewe. Nyanya, si uwaachie watu wengine hizo kazi?

Sasa, nina shida ya masomo. Mwalimu Kinyanjui wa baiolojia ametupatia mradi wa muhula mzima. Kila mtu achague tabia moja ya vijana wa umri wetu achunguze inatoka wapi. Wachuka, rafiki yangu anayelala kitanda cha chini yangu, amechagua usingizi. Mimi nimechagua kupenda hatari. Yaani mbona kuna watu wakiona ukuta wanapita kando, na kuna wengine wakiona ukuta wanataka kujua huko juu upepo uko aje? Mwalimu anasema wataalamu wamewalinganisha mapacha kwa miaka mingi, na wanaona karibu nusu mtu anazaliwa nayo, na ile nusu nyingine anaiokota nyumbani, mtaani na hasa kwa marafiki. Anasema pia kwa umri wetu mafuta yamejaa na breki bado hazijafungwa. Darasa lote liligeuka likaniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Basi ninachora ukoo wetu. Marehemu Babu Saad nimeshamwekea nyota. Nani Elburgon hajui hiyo hadithi? Lori limejaa mbao, breki zimekatika kwa mteremko wa kuja Njoro, na Babu akalipeleka mpaka ndani ya shamba la ngano bila kuvunja hata kioo! Baba nimemwekea sifuri. Nyanya, mtu anakagua mtungi wa gesi mara tatu kabla ya kulala! Mtu anavaa helmeti kupanda ngazi ya duka lake mwenyewe! Kwa hivyo imetoka kwa Babu, ikamruka Baba, ikaniangukia mimi. Ni damu, hakuna la kufanya.

Nimekuwekea maswali kumi kwa karatasi nyingine. Jibu ndiyo, la, au maneno machache. Tafadhali usiruke hata moja, Mwalimu anaondoa alama.

Mengine yote ni poa. Kulikuwa na kajambo kadogo ka tangi la maji. Baba anaweza kukutajia, lakini usijali, kameshaisha.

Mjukuu wako anayekukumbuka kila akinywa chai ya hapa isiyo na iliki,
Najwa

*

Bondeni, Nakuru,
Jumatatu, 26 Mei 2025

Kwa mke mwenzangu Najwa,

Waalaikum salaam, na marahaba. Nimekuita mke mwenza makusudi, na Matroni asishtuke. Marehemu mume wangu alikuwa akikuita mke wake mdogo tangu ukiwa na meno mawili, na mpaka leo sijakusamehe. Kwetu nyanya na mjukuu ndivyo tunavyotaniana, Matroni. Karibu chai ukija mjini.

Barua yako imelala siku tisa kwenye sanduku la posta la Bethwel, fundi saa wa hapa jirani, kwa sababu ufunguo ulipotea. Umepatikana ndani ya kiatu chake, na alikuwa amekivaa. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mahamri sitaacha, nikiacha nitafanya nini, nikae nihesabu paka? Mama yako Sumeya alikuja Jumamosi akaniletea viazi vya Elburgon, gunia zima, kana kwamba nalisha jeshi la Lanet.

Haya. Hako kajambo kadogo. Baba yako amenipigia simu mara nne juu ya hako kajambo. Kumbe kana urefu wa ghorofa tano! Kumbe ulipanda ngazi ya nje ya tangi, ukasimama juu kabisa, ukavua mtandio ukaupeperusha kama bendera! Ebo! Na shule imekuandikia onyo la mwisho, na tarehe nne Julai unasimama mbele ya bodi pamoja na mzazi. Jalal ananiambia hata bodi wakikusamehe, yeye hatakusamehe. Anakutoa shule, ukakae dukani Elburgon upime misumari mpaka uolewe. Alisema kwa sauti ndogo. Mwanangu akipiga kelele mimi huendelea kusonga ugali, lakini akisema kwa sauti ndogo naketi.

Anasema pia mwalimu mkuu alianza kumwambia jambo lingine, akasita, akasema watalizungumza siku ya bodi. Kwa hivyo nakuuliza mimi: juu ya hilo tangi ulikuwa peke yako?

Sasa maswali yako, na karatasi nakurudishia humu ndani. La kwanza, kama napenda chakula nisichokijua: la. Nilikula pizza kwa harusi moja, inatosha. La pili, kama nachoka haraka na watu ambao najua watasema nini: mimi nimeishi Bondeni miaka arobaini na sita, ningekuwa wa kuchoka ningekuwa nimekufa. La tatu, kama napenda safari bila mpango: mwulize paka wangu Posta. La nne, kama nimewahi kwenda kwa chombo chenye kasi kupita kiasi: mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita. La tano, la. La sita, marafiki zangu nikiwa na miaka kumi na sita walikuwaje: wema sana, wengine wamekufa na wengine wako Eastleigh. La saba limemwagikiwa chai. La nane na la tisa, la. La kumi, nieleze ujasiri wa Babu Saad kwa maneno yangu mwenyewe: nitajibu siku nyingine, sasa hivi mafuta yamechemka.

Jifunge mtandio vizuri, na uteremke mahali popote ulipo unaposoma hii.
Nyanya Kuluthum

*

Subukia,
Jumapili, 8 Juni 2025

Nyanya wangu,

Assalamu alaikum, shikamoo, na Idi njema iliyopita juzi. Sisi Waislamu sita wa hapa tulipikiwa pilau na Matroni mwenyewe. Ilikuwa na karoti nyingi lakini nia ilikuwa safi. Hesabu ameanza kula majani. Mimi nimepata themanini na moja kwa Kiswahili, mwambie Baba, kwa sababu nikimwandikia mimi hajibu.

Nyanya, umenicheza. Nilikuuliza kuhusu kasi ukaniambia miaka yako. Hilo si jibu, ni tarehe ya kuzaliwa. Na hiyo chai ya swali la saba! Imemwagika duara kamili, juu ya swali moja tu, na haikugusa la sita wala la nane. Nimemwonyesha Mwalimu Kinyanjui akasema huo ni ushahidi wa kitu lakini hajui ni cha nini. Swali lenyewe lilikuwa rahisi: je, umewahi kufanya jambo la hatari kwa sababu tu ya raha yake?

Sikiliza, nimepata njia ya kujitoa mbele ya bodi. Nitawasomea mradi wangu. Nitawaonyesha mchoro wa ukoo, Babu na nyota yake, na mimi hapa chini. Nitasema, waheshimiwa, hamuwezi kumfukuza mtoto kwa sababu ya damu, kama vile hamuwezi kumfukuza kwa urefu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo na hata mimi nimejihurumia.

Kinachobaki ni shahidi. Naomba uniandikie barua ya ukurasa mmoja, utie sahihi, useme wewe ukiwa mjane wake unathibitisha jinsi Babu alivyolipeleka lile lori. Ongeza na mengine kama yapo. Bodi itakubali neno lako, wewe ni mtu mzima. Na Baba pia, maanake Baba akisikia jina la Babu huwa analegea, anaangalia viatu.

Nyanya, sitaki kupima misumari. Nataka kumaliza shule. Naweza kuonekana nacheza lakini hilo silichezi.

Ninayekutegemea wewe tu,
Najwa

*

Bondeni, Nakuru,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Najwa,

Waalaikum salaam. Wote wazima. Kuna baridi.

Hiyo barua siwezi kuiandika. Usimtaje babu yako mbele ya bodi, wala usimtundike kwenye mchoro wako. Mwache mtu wa watu apumzike.

Nilikuuliza kama ulikuwa peke yako juu ya tangi. Uliniandikia juu ya pilau, ndama na alama za Kiswahili. Mimi namwaga chai, wewe unamwaga maneno. Nangoja.

Nyanya yako

*

Subukia,
Jumapili, 22 Juni 2025

Nyanya,

Shikamoo.

Nilikasirika na barua yako siku tatu nzima. Hukuweka hata utani mmoja. Nilijiambia, sawa, kumbe hata Nyanya. Nikaanza kukuandikia maneno mabaya, halafu nikakumbuka Matroni atayasoma na atakuhurumia wewe, nikachana.

Sikuwa peke yangu.

Wachuka alikuwa nyuma yangu kwa ngazi. Wachuka hapendi urefu, Nyanya. Ni mtu wa kulala, wa kukopesha watu sabuni. Alisema atabaki chini anilindie. Nikamcheka mbele ya wasichana wengine, nikamwita mama mkwe. Ndiyo akapanda. Alifika nusu akaganda. Mimi niko juu napeperusha mtandio, nasikia kelele za chini nikidhani wananishangilia mimi. Kumbe wanamwambia Wachuka ashike vizuri. Aliteleza pale karibu na mwisho akishuka, si juu sana, lakini alianguka vibaya akavunjika mkono wa kulia. Hadi leo una plasta. Walimu hawajui kwamba mimi ndiye niliyemcheka. Wachuka aliwaambia alipanda kwa akili yake mwenyewe. Matroni akisoma hapa atajua, na ajue.

Mimi humwandikia noti zake zote za darasani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Huwa ananiambia asante na hiyo asante inaniumiza.

Na unajua kibaya zaidi? Nilipofika juu kulikuwa kuzuri. Niliona bonde lote la Subukia, kahawa na mahindi mpaka kule mwisho, na moyo ukipiga, na kila kitu kikawa wazi sana kama nimeoshwa macho. Hata sasa nikijua la Wachuka, nikilikumbuka hilo tangi nataka kurudi. Ndiyo maana nilitaka iwe damu ya Babu. Kama si damu yake basi ni mimi tu, na mimi ni mtu mbaya.

Bodi ni tarehe nne. Niambie nikaseme nini.

Najwa

*

Bondeni, Nakuru,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Najwa mwanangu,

Waalaikum salaam. Barua hii haipiti posta wala kiatu cha Bethwel. Anakuletea Jeruto, yule mama wa huko Subukia anayeleta maziwa huku mjini, na amesema ataitia mkononi mwa Matroni leo leo. Matroni, ukifika hapa soma tu, ila naomba uisome ukiwa umekaa.

Wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya haandiki noti za mwenzake kwa siri. Nilisoma barua yako mara mbili, nikaacha mahamri yaungue, na wateja wangu wakala mkate siku hiyo.

Sasa swali la saba. Jibu ni ndiyo.

Babu yako alikuwa akibeba mbao kutoka Elburgon kuleta Nakuru. Saad alikuwa mtu mwema na mpole, na alikuwa mwoga kuliko kuku. Akiona daraja anaanza kusoma dua akiwa bado mbali. Mimi ndiye niliyemsumbua anifundishe kuendesha. Nilimsumbua mwaka mzima mpaka akachoka. Tukifika kule msituni ambako hakuna macho ya watu tunabadilishana viti. Najwa, usukani ule ulikuwa mpana kama sinia la pilau ya harusi, na nikiushika nilikuwa mtu mwingine. Kila Jumanne na Alhamisi, miaka miwili. Watu wakijua Kuluthum amemsindikiza mumewe. Wee! Kuluthum alikuwa anapaa.

Machi 1984 breki zilikatika. Nilikuwa mimi kwenye usukani. Hadithi uliyoisikia ni ya kweli, mteremko ni wa kweli, ngano ni ya kweli, ila mtu si yeye. Nilirudisha gia chini, nikalisugua lori kwenye ukingo wa udongo, nikaliingiza shambani. Babu yako alikuwa amefumba macho ameshika mlango kwa mikono miwili. Kulipotulia akafumbua jicho moja akaniuliza, "Tumefika?"

Watu walikuwa wanakuja mbio. Nikamwambia, Saad, hamia huku upesi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, anaheshimiwa mji mzima, na bintiye anaonekana kwenye usukani wa lori la mbao? Akahamia. Wakamkuta hapo, wakambeba juu juu. Tangu siku hiyo kila hadithi iliposimuliwa aliinamisha kichwa, na watu wakasema tazama unyenyekevu wa huyu mtu. Haukuwa unyenyekevu. Alikuwa anaona aibu, na mimi ndiye niliyemvisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka arobaini na moja.

Na kuna sehemu ambayo hata yeye hakuijua. Mteremko ule niliuchukua kwa kasi ambayo haikuwa na haja yoyote. Niliuchukua hivyo kwa sababu nilipenda vile tumbo linavyopanda. Breki zingekatika tukiwa tunaenda mwendo wa mtu mwenye akili, tungesimama bila ngano ya mtu kuharibika.

Kwa hivyo futa nyota yako. Kama ni damu, ni yangu, na sioni haya kukupa. Lakini damu haikumvunja Wachuka mkono. Wewe ulimcheka akapanda. Mimi nilimbembeleza Saad akakaa kiti cha pembeni, mtu ambaye angefurahi kwenda Nakuru kwa miguu. Hakuwa anapenda mwendo hata kidogo. Alikuwa ananipenda mimi. Ningemuua, Najwa, na baba yako wa miaka minne angebaki kwa mama yangu akingoja wazazi. Hilo ndilo lililonitoa kwenye usukani, si aibu ya watu. Saad aliniuliza mara moja tu kama nitaendesha tena, nikasema mimi ni mama wa mtu. Halafu nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Nakwambia ukweli, bado naota ninabadilisha gia.

Sikuweza kukwambia haya kabla ya kumwambia baba yako, kwa hivyo Jumamosi nilikwenda Elburgon. Nilimkuta dukani anapanga misumari. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, goti au si goti. Akaweka chini msumari aliokuwa ameushika. Halafu akaniuliza kitu kimoja.

"Baba alikuwa anaogopa?"

Nikamwambia, "Sana. Alikuwa anaogopa hata kuku wa jirani."

Najwa, alicheka! Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa saruji, na kicheko kikageuka machozi. Akaniambia, "Mama, tangu nikiwa mdogo watu wa mji huu wananiambia, wewe si kama babako. Kila nikipanda ngazi wananiambia. Mimi nilijua nimeharibika mahali." Nikamshika kichwa kama vile akiwa mtoto. Nimemnyima baba yake miaka yote hiyo nikidhani ninamlindia heshima. Anafanana naye, Najwa. Amefanana naye kabisa, na hakuna aliyemwambia.

Sijui ataamua nini juu yako. Sikumwomba, maana siku ile sikuwa na uso wa kuomba kitu. Bodi nimewaandikia, barua iko humu ndani, Matroni aipeleke. Haina ushahidi wa Babu. Inasema tu kwamba nyanya yake msichana huyu anaomba apewe mahali pa kupeleka huo moto wake, kwa sababu yeye nyanya hakupewa.

Yako ya kusema utayasema mwenyewe. Anza na Wachuka.

Nakupenda, na leo sikutanii.
Nyanya Kuluthum

*

Subukia,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Nyanya mpenzi, dereva wa lori,

Assalamu alaikum na shikamoo kubwa. Nisamehe kwa kimya cha shule. Najua tulionana likizo na tukazungumza mpaka sauti ikakauka, lakini lile la jana siwezi kungoja mpaka tufunge.

Kwanza salamu. Wachuka anakusalimia, plasta ilitoka zamani, ameanza kuandika mwenyewe na mwandiko wake ni mbaya kuliko nilivyokumbuka. Mwalimu Kinyanjui alinipa alama ishirini na tatu kwa thelathini. Aliniandikia kwamba mchoro wa ukoo ni safi ila shahidi mmoja alichelewa kutoa ushahidi.

Ya bodi nilikusimulia, lakini Mama ananiambia wewe husimulia majirani vibaya, kwa hivyo nayaandika uwe nayo. Nilisimama nikasema sina mradi wa kuwasomea. Nikasema Wachuka hakupanda kwa akili yake, alipanda kwa sababu nilimcheka.  Mwenyekiti akavua miwani. Baba alikuwa kando yangu na sikuweza kumwangalia. Wakanipa wiki mbili nyumbani na kuosha sufuria za jikoni muhula mzima, na sufuria za hapa ukiingia ndani unaweza kuswali. Halafu Madam Nabalayo wa michezo, ambaye alikuwa ameshika barua yako, akauliza kama anaweza kunichukua kwa kikundi chake cha kupanda miamba. Kwa kamba, kwa helmeti, kwa sheria, na mzazi atie sahihi. Nikajua imeisha, Baba hawezi. Baba akaomba kalamu. Akasema, "Natia sahihi, lakini siku ya kwanza lazima niwepo."

Siku ya kwanza ilikuwa jana. Tulienda Hell's Gate, kule Naivasha, kwenye yale majabali mekundu. Baba alifika kabla yetu akitoka Elburgon, amekuja na helmeti yake ya dukani. Aliuliza maswali mpaka Madam akakaa chini. Hiyo kamba inabeba kilo ngapi? Imenunuliwa lini? Hicho chuma kimepimwa na nani? Wasichana walikuwa wanajificha wakicheka, na mimi nilitaka ardhi ipasuke. Halafu zamu yangu ikafika. Mmoja anapanda, mwingine anabaki chini ameshika kamba, anaivuta kidogo kidogo ili ukiteleza usianguke. Madam alipotaka kuishika, Baba akasema, "Huyu ni wangu. Nifundishe." Akafundishwa mara tatu. Madam alishika mwisho wa kamba nyuma yake, kwa usalama.

Nyanya, nilikuwa nimepanga kupanda ule mwamba kama nyani. Miezi minne tangu lile tangi nimengoja. Nilitaka nifike juu kabla hawajamaliza kupumua, nifungue mikono wanione. Hatua za kwanza nilienda hivyo hivyo, mbio. Upepo ukaja, moyo ukaanza kupiga vile ninavyopenda, bonde likafunguka, na nikageuza uso kuangalia chini kama wananitazama.

Nikamwona Baba. Alikuwa amesimama miguu ikiwa imepanuka, shati limelowa jasho mgongo mzima, kamba ameishika kwa mikono miwili na mikono inatetemeka mpaka kamba inatetemeka na mimi huku juu naisikia kiunoni. Midomo yake ilikuwa inaenda. Anasoma dua. Lakini macho hakuyafumba, Nyanya, hata mara moja. Alikuwa ananiangalia mimi tu.

Nikageuka kwenye mwamba. Nikatafuta pa kuweka mguu, nikaujaribu mara mbili ndipo nikausimamia. Kila hatua nilimwambia, "Baba, sasa mguu wa kushoto. Sasa mkono." Wasichana walichoka kungoja wakaanza kula biskuti. Ilinichukua nusu saa mahali ambapo mwenzangu alitumia dakika tisa.

Sikuwa naogopa. Yeye ndiye alikuwa anaogopa, kwa hivyo nilipanda polepole.

Wako,
Najwa